Sudha Murty: Mhandisi aliyefunguliwa mlango wa kiwanda, akafungiwa wa nyumbani

MWEZI wa Aprili mwaka 1974, msichana mmoja aliyekuwa akikamilisha shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta katika Taasisi ya Sayansi ya India, jijini Bangalore, alikuwa akirejea bwenini kutoka darasani alipolikuta tangazo la kazi ubaoni. Kampuni ya Telco, iliyokuwa ikiunda malori na ambayo tangu mwaka 2003 huitwa Tata Motors, ilikuwa ikitafuta wahandisi vijana, wachapakazi, wenye matokeo mazuri ya masomo. Lilikuwa tangazo la kawaida hadi mstari wa mwisho. Hapo kampuni ilitahadharisha kwamba wanawake wasijisumbue kutuma maombi.

Msichana huyo, Sudha Kulkarni, hakuwa na haja ya kazi hiyo. Alikuwa tayari amepata ufadhili wa kwenda Marekani kusomea shahada ya uzamifu. Hata hivyo, alikuwa amewashinda wavulana wengi katika mitihani, na mstari ule ulimchoma. Alipofika chumbani alichukua postikadi akaamua kumlalamikia mkubwa wa kampuni. Tatizo ni kwamba hakujua mkubwa huyo ni nani. Aliyekuwa mwenyekiti wa Telco wakati huo ni Sumant Moolgaokar, lakini Sudha alimjua Tata mmoja tu aliyekuwa akimwona magazetini, J.R.D. Tata, kiongozi wa kundi zima la kampuni hizo. Akamwandikia yeye.

Kisa cha postikadi hiyo kimesimuliwa mara nyingi nchini India, shuleni na kwenye televisheni, hata kimekuwa kama ngano. Kinachosimuliwa kwa sauti ya chini ni kwamba miaka 7 baadaye mwanamke huyohuyo alielezwa tena kwamba hakuna nafasi yake katika kampuni ya uhandisi, na safari hiyo aliyemweleza ni mume wake. Mintarafu ya maisha ya Sudha Murty, mhandisi aliyegeuka kuwa mfadhili, mwandishi na hatimaye mbunge, mambo haya mawili hayafai kutenganishwa.

Sudha alizaliwa Shiggaon, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Karnataka. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji na mama yake mwalimu. Ilikuwa aila ya wasomi. Dada yake mmoja alikuwa daktari, na kakake, Shrinivas Kulkarni, ni mwanafalaki mashuhuri aliyefundisha kwa miaka mingi katika Taasisi ya Teknolojia ya California na kutuzwa Tuzo ya Shaw mwaka 2024. Ni muhimu kulisema hili mapema, kwa sababu wapo wanaomsawiri kana kwamba alitoka katika ufukara. Hakutoka huko. Alichokosa si karo wala vitabu, bali ruhusa.

Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 17, aliwaambia wazazi wake kwamba angependa kuwa mhandisi. Nyanya yake alishtuka na kuuliza ni mwanamume yupi wa tabaka lao la Brahmin angekubali kumwoa msichana wa aina hiyo. Baba alishauri udaktari, mama akapendekeza ualimu wa hisabati. Sudha hakutikisika. Alikubaliwa katika chuo cha uhandisi cha B.V.B. mjini Hubli, kwa kuwa alama zake hazikumpa mkuu wa chuo sababu ya kumkataa. Hata hivyo, mkuu huyo alimpa masharti matatu. Sharti la kwanza lilikuwa kuvaa sari kila siku. La pili, asikanyage mkahawa wa chuo, na la tatu, asizungumze na wavulana. Kuhusu hili la mwisho, Sudha husimulia kwa kicheko kwamba mwaka wa kwanza halikumsumbua hata kidogo, na mwaka wa pili, matokeo yalipotoka akiwa juu yao, wavulana wenyewe ndio waliokuja kuzungumza naye.

Kabla ya hapo walikuwa wamemrushia ndege za karatasi na kumwaga wino kwenye kiti chake ili sari yake ichafuke. Hakuna aliyekuwa tayari kumwazima madaftari iwapo angekosa kipindi, kwa hivyo hakukosa.

Lililomtesa kuliko wino ni choo. Chuo kizima hakikuwa na choo cha wanawake kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mwanamke angefika pale. Masomo yalianza saa moja asubuhi, yakakatika adhuhuri, kisha yakaendelea hadi jioni. Sudha alijizoeza kutokunywa maji, na mchana alitembea kwa miguu hadi nyumbani na kurudi. Msomaji wa kiume huenda akaona ni jambo dogo. Msomaji wa kike aliyesoma katika shule isiyokuwa na vyoo vya kutosha hahitaji kuelezwa zaidi. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu lilizaa matunda miaka mingi baadaye.

Sasa turudi kwenye postikadi. Alichoandika hakikuwa ombi la kazi. Alimkumbusha J.R.D. Tata kwamba aila ya Tata ndiyo iliyotangulia katika chuma, kemikali, nguo na injini za reli, na kwamba taasisi aliyokuwa akisomea yeye Sudha ilitokana na ndoto ya Jamsetji Tata. Kisha akashangaa kwamba kampuni ya watu kama hao ingeweza kuwabagua wanafunzi wa taasisi hiyohiyo kwa sababu ya jinsia. Mwandishi wa makala haya amepitisha mikononi mwake maelfu ya barua za malalamiko kutoka kwa wasomaji, na ni chache zilizopangwa kwa ustadi wa namna hii. Hakumtukana mtu. Alimpimia Tata kwa kipimo chake mwenyewe Tata. Fauka ya hayo, postikadi haina bahasha, na kila mkono inakopitia unaweza kuisoma.

Aliyeipokea naye hakuwa mtu wa kuogopa mambo mapya. Jehangir Ratanji Dadabhoy Tata alizaliwa Paris mwaka 1904, akawa mtu wa kwanza kupewa leseni ya urubani nchini India mwaka 1929, na mwaka 1932 akaanzisha shirika la ndege lililokuja kuwa Air India. Sisi Wakenya tumelizoea jina Tata kupitia malori yao, na pia kwa sababu kiwanda cha magadi kule Kajiado kilitwaliwa na Tata Chemicals mwaka 2005.

Siku 10 hazikuwa zimetimia Sudha alipopokea telegramu ya kumwita Pune kwa mahojiano, nauli juu ya kampuni. Wenzake bwenini hawakuona la ajabu katika ushindi huo. Walichoona ni nafasi ya kuagiza sari za Pune kwa bei nafuu, nao wakamkabidhi pesa za kununulia. Sudha mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikwenda kwa ajili ya matembezi hayo kuliko kazi.

Chumbani alikuta watu sita. Mmoja alinong'ona kwamba huyu ndiye aliyemwandikia J.R.D., naye akajua papo hapo kwamba kazi hapati. Kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza, hofu ilimwondoka, akawaambia anatumaini watamuuliza maswali ya kitaaluma pekee. Wakamuuliza hayo kwa muda mrefu, naye akajibu. Ndipo mzee mmoja alipomweleza kwa upole sababu ya mstari ule wa mwisho: kiwanda si chuo, kampuni haikuwahi kuajiri mwanamke katika karakana, na hawakuwa na uhakika ingekuwaje. Jibu lake lilikuwa kwamba lazima waanzie mahali fulani, la sivyo hakuna mwanamke atakayewahi kufanya kazi humo.

Akaajiriwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa mhandisi wa kwanza wa kike wa Telco, akafanya kazi Pune na baadaye Jamshedpur na Mumbai, na safari ya Marekani ikafa. Jambo la kupendeza ni kwamba katika mwongo huu wa 2020, kiwanda cha Tata Motors mjini Pune kimekuwa na laini nzima ya kuunganishia magari inayoendeshwa na wanawake watupu, zaidi ya 1,000.

Ilikuwa Pune pia alikokutana na Narayana Murthy. (Wahariri wenzangu, tafadhali msisahihishe: mume huandika jina lake kwa Kiingereza akiwa na herufi "h", mke huandika bila "h", kwani anasema ndivyo Kisanskriti kinavyotaka.) Murthy alikuwa kijana mwenye haya, mwenye miwani minene, mpenda vitabu, na kwa kipimo cha mkwe, hana mbele wala nyuma. Siku aliyokwenda kumwona baba yake Sudha alichelewa. Alipoulizwa mipango yake ya maisha, alisema angependa kuingia katika siasa za kikomunisti na kufungua makao ya mayatima. Daktari Kulkarni hakutaka bintiye aolewe na mkomunisti asiye na mshahara. Murthy alitafuta kazi, na mwaka 1978 wakaoana kwa sherehe iliyogharimu rupia 800, kila mmoja akatoa nusu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1981, Murthy alimwambia mkewe kwamba anataka kuacha kazi na kuanzisha kampuni ya kuunda programu za kompyuta pamoja na wenzake sita. Hakuwa na mtaji. Sudha alikuwa na akiba ya rupia 10,250 aliyoiweka kidogo kidogo bila mumewe kujua. Alimpa 10,000 akabakiza 250 kwa dharura, akimtania baadaye kwamba yeye ndiye mwekezaji bora zaidi nchini India. Pesa hizo ndizo zilizoanzisha Infosys.

Hapa ndipo mlango wa pili ulipofungwa. Sudha alikuwa na shahada mbili za uhandisi, moja yake ikiwa ya sayansi ya kompyuta, taaluma iliyokuwa changa mno India wakati huo. Alikuwa na tajriba ya kiwandani. Waama, mumewe amekiri hadharani kwamba mkewe alikuwa na sifa za kazi hiyo kuliko yeye na wenzake wote sita. Hata hivyo, alisisitiza kwamba mume na mke wasiwe pamoja katika Infosys. Mmoja wao angeingia na mwingine akae nje, na kama Sudha angetaka kuingia yeye, basi Murthy angejiondoa kwa furaha.

Kauli hiyo ina sura ya haki, ila ni sura tu. Infosys ilikuwa ndoto ya Murthy, na sidhani kuna mke katika jamii ile, au katika jamii zetu hizi, ambaye angemwambia mumewe atoke ili yeye aingie. Sababu aliyoitoa Murthy ilikuwa ya utawala bora: hakutaka wafanyakazi wadhani kampuni ni ya aila moja. Ni sababu nzuri. Lakini msichana aliyeandika postikadi kwa sababu ya mstari mmoja ubaoni, safari hii hakuandika lolote. Amesimulia kwamba aliumia, kwani kazi aliipenda, kisha akakubali.

Alikubali kwa jasho. Alikuwa ameacha kazi yake ya Tata ili amfuate mumewe. Siku ya kuondoka alikutana na J.R.D. Tata ngazini, katika makao makuu ya Mumbai. Mzee huyo, ambaye jioni moja huko nyuma alikuwa amesimama naye nje akimngojea Murthy aliyechelewa kama kawaida yake, alimuuliza anaenda kufanya nini. Sudha alijibu kwamba mumewe anaanzisha kampuni na hajui kama itafaulu. Tata alimwonya asianze jambo kwa mashaka, na akamhimiza kwamba wakifaulu wairudishie jamii kile ambacho jamii imewapa. J.R.D. alifariki mwaka 1993. Kwa miaka mingi picha yake ilitundikwa ofisini mwa Sudha.

Ili unga upatikane nyumbani, Sudha alifanya kazi katika kampuni nyingine mjini Pune akiwa mchanganuzi wa mifumo ya kompyuta, ilhali chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa ofisi ya Infosys. Binti yao Akshata, aliyezaliwa mwaka 1980, alipelekwa kulelewa na bibi na babu yake. Mwana wao Rohan alizaliwa mwaka 1983. Infosys ilihamia Bangalore, ikauza hisa kwa umma mwaka 1993, na mwaka 1999 ikawa kampuni ya kwanza ya India kuorodheshwa katika soko la Nasdaq nchini Marekani. Kufikia hapo wale waliokuwa wamekusanyika sebuleni walikuwa mabilionea, na mhandisi aliyetoa mtaji alikuwa akifundisha kompyuta chuoni.

Mwaka 1996 Infosys ilianzisha wakfu wa hisani, na Sudha akakabidhiwa. Aghalabu husemwa kwamba alichochewa na Akshata, aliyekuwa akijitolea kuwasaidia wanafunzi wasioona na ambaye alimtaka mama yake amdhamini kijana mmoja wao kimasomo. Mama alikuwa na shughuli nyingi akampuuza. Binti akamjibu kwamba ikiwa watu wenye uwezo kama yeye hawawasaidii maskini, basi hana haki ya kumhubiria mtu. Mama aliyaweka maneno hayo moyoni.

Ni vyema msomaji aelewe tofauti ya wakfu huu na hisani tulizozizoea za kupiga picha na magunia ya unga. Mwaka 2013 India ilipitisha sheria inayozilazimu kampuni kubwa kutumia asilimia 2 ya faida yao kwa huduma za jamii. Wakfu wa Infosys ulitangulia sheria hiyo kwa miaka 17. Tena, Sudha aliuendesha kihandisi. Alisafiri vijijini mwenyewe kwa mabasi na magari ya moshi, akahesabu, akarudi kukagua. Shule za mashambani zilipewa maktaba kwa maelfu, kwa imani yake kwamba kila shule lazima iwe na yake. Nyumba za waliokumbwa na mafuriko zikajengwa, na baada ya tsunami ya mwaka 2004 misaada ikapelekwa pwani. Mwaka 2021 jengo lenye vitanda 350 likafunguliwa katika hospitali ya moyo ya Jayadeva, Bangalore. Katika janga la Covid-19 mwaka 2020, wakfu ulitenga rupia bilioni moja.

Navyo vyoo? Yule msichana wa Hubli aliyeshinda bila kunywa maji alijenga zaidi ya vyoo 10,000.

Kazi iliyomsumbua zaidi haikuhitaji saruji. Kaskazini mwa Karnataka kulikuwa na desturi ya kuwatoa wasichana, hasa wa matabaka ya chini, wawe wa mungu wa kike Yellamma. Waliitwa devadasi, yaani watumwa wa mungu. Zamani walikuwa wachezaji ngoma na waimbaji wa hekaluni. Kadiri miaka ilivyosonga, desturi ikageuka kuwa njia ya kuwasukuma watoto katika ukahaba huku dini ikitumiwa kama pazia. Jimbo lilipiga marufuku jambo hilo kwa sheria mwaka 1982, lakini sheria ilibaki karatasini.

Sudha alipowaendea mara ya kwanza alikuwa amevaa suruali ya jinzi, fulana na kofia, daftari mkononi, tayari kuwahoji na kuwaokoa. Walimrushia kandambili. Aliporudi mara ya pili, walimrushia nyanya. Alikwenda nyumbani akilia, akitaka kuachana nao. Baba yake, daktari mzee, alimkosoa kwa jambo ambalo hakulitarajia: mavazi yake, na pupa yake. Alimshauri avae sari na mapambo ya mwanamke aliyeolewa, kama wanavyovaa wanawake wa huko, na asitaje ukahaba kamwe. Kisha akafuatana naye. Mara ya tatu Sudha aliwauliza wanawake wale kuhusu watoto wao na masomo yao, akazungumzia ufadhili wa karo. Hapo ndipo walipomsikiliza.

Ilichukua miaka 18. Wanawake wapatao 3,000 waliacha maisha hayo, wakaunda chama chao cha kuweka akiba na kukopeshana, watoto wao wakasoma. Walipomwalika kusherehekea, walimkabidhi zawadi ya mfarishi, yaani shuka nzito iliyoshonwa kwa vipande vya vitambaa, ambayo kila mmoja wao alikuwa ameitia mshono mmoja. Ndiyo asili ya jina la kitabu chake cha mwaka 2017, Three Thousand Stitches, yaani mishono elfu tatu.

Hilo linatuleta kwenye kalamu yake. Sudha alisoma kwa lugha ya Kannada hadi kidato cha 4 kwa hesabu yetu, na riwaya zake za mwanzo ziliandikwa kwa lugha hiyo. Alikuwa na umri unaokaribia miaka 50 mhariri mkongwe T.J.S. George wa gazeti la New Indian Express alipomwomba awe na safu ya Kiingereza. Alikataa akisema Kiingereza chake ni cha kubahatisha. George alimjibu kwamba lugha ni chombo tu, msimulizi ni yule aliye ndani. Safu hiyo ndiyo iliyozaa Wise and Otherwise mwaka 2002. Ameandika vitabu vingi tangu hapo, riwaya, visa vya kweli na hadithi za watoto, na vimetafsiriwa katika lugha nyingi za India. Mwaka 2023 alishinda tuzo ya fasihi ya watoto ya Sahitya Akademi, chombo cha taifa cha fasihi.

Wahakiki wengine hulalamika kwamba maandishi yake ni mepesi na yana mafundisho mengi. Hawakosei. Sentensi zake ni fupi, wema na ubaya vimetengana waziwazi, na mwandishi mwenyewe hujitokeza mara nyingi akiwa upande wa wema. Lakini kisa kinachojulikana zaidi, cha nyanya yake, kinastahimili lawama zote. Bibi huyo alipenda mno riwaya iliyokuwa ikichapishwa kwa sehemu gazetini, na Sudha, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, ndiye aliyemsomea kila wiki. Siku moja mjukuu alikwenda arusini akakaa wiki nzima. Gazeti lilifika, bibi akalifungua, akapapasa picha na asiweze kusoma hata neno. Mjukuu aliporudi alimkuta akilia. Akiwa na miaka 62, bibi aliazimia kujifunza kusoma kabla ya sikukuu ya Dassara. Alifaulu, na siku ile aliinama akamgusa mjukuu wake miguu, heshima anayopewa mwalimu. Kinyume cha desturi kabisa, ila huyo bibi alijua alichokuwa akifanya. Na msomaji akikumbuka kwamba mmoja wa nyanya zake Sudha ndiye aliyehofu kwamba msichana mhandisi hataolewa, ataelewa jinsi nyumba ile ilivyokuwa na mivutano.

Utajiri umemletea Sudha heshima na pia lawama. Akshata alikutana na Rishi Sunak chuoni Stanford, wakaoana Bangalore mwaka 2009. Aila ya Sunak ina mizizi huku kwetu: babu yake aliondoka Punjab mwaka 1935 kuja Nairobi kufanya kazi ya ukarani, baba yake alizaliwa Kenya, na mama yake Tanganyika, kabla ya wote kuhamia Uingereza. Sunak alipokuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, kuanzia Oktoba 2022 hadi Julai 2024, Sudha alijikuta akiandika anwani ya 10 Downing Street kwenye fomu ya uhamiaji, na ofisa akamuuliza kama anafanya mzaha. Mwanamke wa makamo aliyevaa kiasili, alidhani ofisa, hawezi kuwa mama mkwe wa Waziri Mkuu. Katika kiwanja cha ndege cha Heathrow aliwahi pia kuelekezwa na abiria mwenzake kwenye foleni ya tiketi za bei nafuu, ilhali yake ilikuwa ya daraja la juu.

Lakini mwaka 2022 lawama zilikuwa na uzito. Ilifichuka kwamba Akshata, mwenye hisa za Infosys zenye thamani ya mamilioni ya pauni, alitumia hadhi ya kikodi inayomruhusu mtu ambaye makao yake ya kudumu yako ng'ambo kutolipa kodi Uingereza kwa mapato ya nje. Ilikuwa halali, ila wapiga kura hawakuipenda, naye akaahidi kulipa. Mwaka 2023 Sudha mwenyewe aliteleza. Alisema katika kipindi cha mapishi kwamba, kwa kuwa hali nyama, husafiri na chakula chake akihofu kijiko kilichogusa nyama kitumiwe kumpakulia. Kwa wengi nchini India kauli hiyo haikuwa ya mapishi. Iliwakumbusha najisi ya kitabaka, kwamba mkono wa fulani humchafua fulani. Watetezi wake walisema ni mazoea ya mtu binafsi. Labda. Lakini mtu aliyejifunza kwa kandambili na nyanya kwamba maneno na mavazi hupimwa na anayekutazama angetarajiwa kuwa mwangalifu zaidi.

Alistaafu uenyekiti wa wakfu mwishoni mwa mwaka 2021. Serikali ya India ilikuwa imemtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2006, na mwaka 2023 ikamwongezea Padma Bhushan.

Kisha, Januari 2024, katika mahojiano ya televisheni wakati kitabu kuhusu ndoa yao kilipokuwa kikizinduliwa, Narayana Murthy alisema alikosea. Kumzuia mkewe asiingie Infosys, alisema, kulitokana na fikra za udhanifu alizokuwa nazo wakati ule, na leo asingefanya hivyo. Telco ilikuwa imejibu postikadi katika muda usiofika siku 10. Jibu hili lilichukua miaka 42.

Mhandisi mwenyewe alikuwa sasa na umri wa miaka 73. Machi 8 mwaka huo, Siku ya Wanawake Duniani, aliteuliwa na Rais Droupadi Murmu kuwa mbunge wa Rajya Sabha, bunge la juu la India. Hotuba yake ya kwanza, aliyoitoa mwezi Julai, haikugusa kompyuta wala Infosys. Aliitaka serikali iwachanje wasichana wa miaka 9 hadi 14 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, chanjo ambayo Kenya ilikuwa imeanza kuitoa mwaka 2019.